Mtungi Uliovunjika Kitabuni

Mwalimu Hildegarda alishuka kutoka milima ya Vidunda mwaka ambao kijiji kipya cha ujamaa huko Rudewa kilikuwa bado kinanuka nyasi mbichi za kuezekea. Akapewa darasa la pili. Watoto wake walisoma kwa sauti moja bila kukwama, hata mpita njia angedhani ni kwaya. Ila wakiulizwa walichokisoma, hawakuweza kukieleza.

Siku hiyo walisoma habari ya Zena. Mvua ilinyesha. Njia ya mtoni ikawa na utelezi. Zena alijitwika mtungi. Mtungi ulivunjika.

"Kwa nini mtungi ulivunjika?" Hildegarda akauliza.

Watoto wakainamisha vichwa. Akamgeukia Siwema, aliyekaa kwenye gogo la mbele. "Kwa nini, Siwema?"

"Si mimi, Mwalimu," Siwema akajibu, machozi yakimlengalenga.

"Wala mimi!" wakadakia wenzake.

Hildegarda akawaruhusu watoke wakacheze, akabaki amekaa peke yake, akiona kazi hii haimfai.

Kesho yake asubuhi akaja bibi yake Siwema, aliyekuwa akimlea, amejitwika mtungi mpya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Mjukuu wangu kaniambia mtungi wa shule umevunjika, na yeye ndiye aliyeulizwa. Anaapa hakuuvunja, na huyu mtoto si mwongo. Lakini kiu ya watoto haingoji kesi iishe. Nimewaletea huu."

Hildegarda alitaka kucheka, akajizuia, akampokea mtungi. Bibi mzima, na jua lile, kubeba mtungi kwa ajili ya watoto wa watu! Akafungua kitabu, akamsomea habari yote. Bibi akasikiliza hadi mwisho, kisha akacheka mpaka akashika kiuno.

"Kumbe wa kitabuni! Haya, utawalaumu? Nyumbani kwangu nikisema 'kwa nini', mtu ajue fimbo iko njiani."

Maneno hayo yakamwingia Hildegarda. Hata kwao Vidunda ilikuwa hivyo hivyo: kwa nini umechelewa, kwa nini ugali umeungua. Hakuna aliyengoja jibu. Ulijitetea, au ulikimbia.

Akamwomba bibi aketi kidogo. Watoto wakasoma tena habari ile ile, naye safari hii akauliza taratibu, kama mtu anayeomba hadithi: "Ilikuwaje hata mtungi ukavunjika?"

Siwema akamtazama bibi yake, kisha kitabu. "Mvua ilinyesha," akaanza, kidole kikifuata mstari. "Basi njia ikawa na utelezi. Zena akapita na mtungi..." Akasita. "Kitabu hakisemi kama alianguka, Mwalimu. Lakini alianguka."

"Umejuaje?"

"Mtungi hauvunjiki ukiwa kichwani."

Darasa likaangua kicheko, mikono ikanyanyuka huku na huku. Mmoja alidai Zena angesubiri njia ikauke, asingeanguka. Mwingine akabisha: wangepika kwa maji gani? Hildegarda hakuwanyamazisha.

Alimsindikiza bibi hadi barabarani, akamshika mikono yote miwili. "Bibi, sijui nikushukuru vipi."

"Mwenyezi Mungu akuzidishie, mwalimu. Wewe nisomeshee tu huyu mtoto."

Jumamosi Hildegarda akachukua jembe, akaenda kumsaidia kupalilia mahindi. Walilima mpaka jua la utosi, kisha bibi akampakulia ugali kwa mlenda, naye akala kwa raha kama yuko kwao.