Saa ya Baba Ukutani kwa Kaka

Jumamosi asubuhi, saa tatu na nusu, fundi saa alikuwa amebana lenzi jichoni akichokonoa saa ya mteja, wifi yake alipompigia simu.

"Wifi, njoo na vifaa vyako," alisema kwa sauti ya chini. "Kwetu bado hakujapambazuka."

"Tangu lini?"

"Wiki nzima. Jua linatuchomozea adhuhuri. Watoto wanavaa sare gizani, na kaka yako kazini ameshapewa barua ya onyo."

Fundi alifunga kibanda, akaenda. Chanzo alikijua. Mama alipomfuata baba kaburini, kaka yake fundi, mkuu wa masijala katika ofisi moja kubwa, alisimama mbele ya jamaa wote akatamka kwamba saa ya ukutani ya mzee ni ya mtoto wa kiume, na kwamba ufundi wenyewe umezikwa na mzee. Binti aliyekula vumbi la shaba miaka kumi na minne kwenye meza ya baba aliyasikia hayo akiwa amebeba sinia la vikombe. Saa aliitaka, hakumficha mtu. Lakini zaidi ya saa, alitaka ile kauli ifutwe na kinywa kilekile.

Barabarani jua liliwaka kwelikweli. Lilifika kizingitini kwa kaka likakomea hapo. Ndani giza totoro, watoto wamelala fofofo, kaka yuko kwenye kochi na nguo za kulalia anapiga miayo.

"Hii saa mzee aliikosea," alisema kabla hata ya salamu. "Masaa sita mazima! Nikairekebisha iende na ya ofisini."

Baba hakukosea saa hata kwa dakika moja maishani mwake. Hii aliitega isome kama watu wanavyosema: kukipambazuka, mishale yote miwili juu, saa kumi na mbili. Mwanga wa nyumba ilimotundikwa uliifuata, na kwa wazazi hakuna aliyelizungumzia jambo hilo, kwa kuwa kila kitu kilikwenda sawa.

"Uliirudisha nyuma?"

"Nyuma sita, mbele sita, si yaleyale?"

"Saa ya kengele hairudishwi nyuma, kaka."

Wifi alimulika tochi. Fundi alifungua kioo, akanyoosha kijinyundo cha kengele kilichopinda, kisha akausukuma mshale mrefu mbele kwa kidole, polepole, akisubiri kengele imalize kila saa. Kumi na moja, giza. Kumi na mbili, weupe ukapenya chini ya pazia. Saa moja, watoto wakaamka wakidai chai. Saa tatu, sebule ikapata joto. Kwenye saa nne akaacha. Moyo ulimjaa fahari mpaka akaogopa itaonekana usoni.

Majirani wawili waliosikia kengele walichungulia mlangoni. "Afadhali! Nani kaitengeneza?"

"Mimi," alisema kaka, akijinyoosha. "Mdogo wangu huyu kaja kunishikia tochi."

Wifi, tochi mkononi, aliangalia sakafu.

Kidole cha fundi kilikuwa bado juu ya mshale. Angeurudisha nyuma mizunguko mitano, sebule nzima ingerudi gizani mbele ya mashahidi. Maneno ya kaka yalimuuma, na alilifikiria hilo kwa dhati. Lakini hakuwahi kuacha saa ikiwa imekosea, na hangeanza na ya baba.

Akafunga kioo, akakusanya vifaa vyake. "Itie ufunguo kila Ijumaa, wifi," alisema. "Mizunguko kumi na minne, usizidishe."

Kaka alikuwa anawasimulia majirani jinsi alivyogundua tatizo.

Barazani fundi alisimama, akageuka kutazama. Mwanga wa ndani na wa nje ulikuwa umekutana kizingitini, na hata yeye, kwa jicho lake lile, hakuona ulipoungwa.