Chumvi ya Mawe

Mwaka ule watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, bosi Magese alijenga gesti Bariadi, jirani na ghala lake, na ukumbini akaweka tangi la kioo lenye urefu wa jeneza la mtu mzima. Wakulima waliosubiri mizani aliwaita ndani watazame samaki. Alisema wanunuzi wenzake hawana kitu kama kile.

Mimi niliajiriwa kufagia. Lakini bosi alinikuta mara nyingi nimesimama na ufagio mbele ya kioo, akasema, "Anyesi ana macho. Apewe samaki."

Baba, kule Lalago, aliniruhusu kwa sharti. Luhende, mgane wa rika lake, alikuwa ameshataja ng'ombe wa kunioa. "Ukiwa na kazi atasubiri," baba alisema. "Kazi ikiisha unarudi, ng'ombe wanaingia." Kwa hiyo wale samaki niliwatunza kama mtu anayejitunza mwenyewe.

Wa kwanza walikuwa furu na sato wadogo wa ziwani aliowaleta Maximiliana, muuza samaki wa Lamadi. Kisha Athanasi, dereva wa lori la bosi, akaja na pipa kutoka Pangani, pale mto unapoingia baharini. Ndani mlikuwa na samaki wawili wenye ndevu.

"Hongwe hawa," alisema. "Mwiba mmoja mgongoni, miwili ubavuni. Ina sumu. Usiwashike kwa mkono hata wakifa."

Maximiliana akacheka. "Mayu we! Si gogogo tu hawa? Sisi tunawapika."

"Gogogo wenu hajui chumvi, dada. Hawa wanataka maji ya katikati. Si ya bahari, si ya ziwa."

Akanifundisha kuonja. Maji yakiwa kama machozi, niache kuongeza chumvi. Aliniachia gunia la chumvi, akaniambia, "Chumvi ya paketi usitie, ina dawa. Tia ya mawe."

Nilimwomba bosi hongwe wakae peke yao.

"Watawameza wenzao, bosi."

"Anyesi, hili ni soko huria. Kila mtu anaingia, mwenye mdomo anakula."

Wakulima walicheka, hata wale waliokuwa wametoka kugombana na mpima mizani.

Hongwe hakuwa anafukuza mtu. Alilala chini ya jiwe mpaka furu amsahau, ndipo akammeza. Nikipunguza chumvi, hongwe walipanda juu wakihema. Nikiongeza, furu walilala ubavu. Wiki tatu nilitafuta ile katikati kwa ulimi wangu, sikuipata. Furu wakaisha, sato wakafuata. Naona aibu kusema, lakini nilipumua. Sasa nilibaki na maji ya aina moja tu ya kutunza.

Bosi alitazama tangi lile tupu, akaninyooshea kidole. "Hawa wawili wakifa, nauza kioo. Na wewe sina kazi nawe."

Mvua ikanyesha, lori likakwama njiani. Gunia likaisha. Madukani palikuwa na paketi tu. Nikamtuma mtu wa baiskeli kwa mama: niletee chumvi ya mawe. Nyumbani hakuna asiyeijua. Ni ile ya kijivu wanaume wanayoifuata Ziwa Eyasi, ng'ombe wanailamba. Mama alileta debe zima.

Niliiyeyusha, nikaonja. Machozi. Halafu nyuma yake pakaja uchungu kama wa majivu. Nilisimama pale muda mrefu na kikombe mkononi. Nikajiambia, labda hata machozi hayafanani. Nikaimwaga tangini.

Jioni maji yalikuwa yanateleza vidoleni kama ya sabuni. Nilibadilisha maji ndoo kwa ndoo. Siku ya tatu asubuhi hongwe mmoja alielea chali, mwingine alikuwa chini, mdomo wazi. Saa hiyo hiyo Athanasi akaingia, gunia begani.

"Mwangaluka, Anyesi." Kisha akaona. "Ulitia nini?"

"Ya mawe."

Akachovya kidole kwenye debe, akalamba, akatema. "Hii ni magadi! Mimi nilisema ya mawe, ya baharini."

"Hukusema ya baharini."

"Kwetu hakuna nyingine."

"Kwetu pia."

Akaliweka gunia chini taratibu.

Bosi alitaka hongwe watolewe kabla wakulima hawajaingia. "Haraka, haraka!" Nilitumia wavu, kama nilivyofundishwa. Mwiba ukanasa kwenye nyuzi, nikauvuta, ukanichoma kiganja cha kulia. Maumivu yakapanda mpaka kwapani, nikakaa sakafuni.

"Hata maiti inakushinda," bosi alisema.

Maximiliana ndiye aliyenitia mkono kwenye maji ya moto, kama wafanyavyo kwa aliyechomwa na gogogo, akanisindikiza stendi. Hakucheka tena.

Nilifika Lalago mkono mmoja umevimba, mwingine umeshika debe la mama. Mama alikuwa bado ananikanda mkono, ng'ombe wa Luhende walipoingia. Walilia kutwa, hawakulijua zizi letu. Baba akasimama mlangoni.

"Ile chumvi ilibaki?"

Nilimpa debe kwa mkono wa kushoto. Aliutazama mkono, hakunikemea. Akaenda kuimwaga juu ya jiwe, na ng'ombe mmoja mmoja wakanyamaza, wakaanza kulamba.