Giaboksi ya Gwenda

Mkono wa kushoto wa Gwenda Tranter ulianza kulegea mwezi wa tatu, na Uingereza mkono wa kushoto ndio wa gia. Gari lao dogo la wazi, la mwaka 1963, lilikuwa lake tangu usichana. Mumewe Denzil alizoea kukaa pembeni. Sasa kila Gwenda alipotaka kuingiza gia ya kwanza meno yalisaga, na leva ya gia ikamshinda.

"Giaboksi imechoka," Denzil alisema. Daktari alikwishawaambia kwamba ni ugonjwa wa neva na hauna dawa. Lakini Denzil alikuwa fundi mitambo miaka arobaini, akashika alichokiweza.

Akaingia chini ya gari na tochi. Namba ya aina kwenye ganda la giaboksi ilikuwa imefutika. Akampigia simu Barry, mwenzake wa klabu ya magari ya zamani.

"Kijiti cha kupimia oili ya giaboksi kiko wapi?" Barry aliuliza.

"Ndani, chini ya zulia."

"Basi ni ile ya kizamani kabisa, mzee. Gia ya kwanza ni lazima isage, hata dereva awe nani. Itoe, uweke ya gia tano. Leva yake unaisukuma kwa vidole viwili."

Vidole viwili. Denzil akaagiza siku hiyohiyo.

Ilikawia wiki tisa, na kuifunga kulimchukua wiki nyingine sita, maana ilibidi ashushe injini. Mwanzoni Gwenda alimletea chai gereji. Kisha birika likawa zito, chai ikakoma. Denzil akawa anajichemshia mwenyewe.

Mwezi wa kumi wakatoka. Gia iliingia laini, ila aliyeiingiza ni Denzil, kwa kuwa mkono wa Gwenda ulikuwa umelala mapajani. Gwenda alikanyaga klachi na kushika usukani kwa mkono wa kulia.

"Ya pili," Denzil akasema. "Ya tatu. Ona, inakwenda."

Walipofika njia panda ya kanisani gari likaruka, likazima. Nyuma yao lori likapiga honi mara moja.

"Kanyaga klachi, mpenzi."

"Nakanyaga."

Denzil akautazama mguu wa Gwenda. Haukuwa umesogea.

"Ni klachi hiyo," akasema. "Ngumu. Nitatafuta nyepesi."

"Denzil, acha kulisingizia gari."

Lori likawapita pembeni, polepole. Denzil akabaki ameshika leva, akiitoa gia na kuirudisha, akiitoa na kuirudisha.