Gonga, Kisha Nitukane

Ndege alikuwa ametua kwenye kilele cha paa. Msumari, fundi wa mabati, alimtazama, ndipo akamwambia shemeji yake aliyekuwa chini, ndani ya ghala.

"Shemeji, huku kuna ndege sijapata kumwona."

"Yukoje?" Sauti yenye mafua ilipanda kupitia matundu ya kutu.

"Mkubwa kama kuku. Wa kijivu. Shingo haina manyoya."

"Huyo ni kuku wa mama mkwe wako, amechoka kunyonyolewa nusunusu."

"Mama mkwe wangu si ndiye mama yako?"

"Ndiyo maana nawajua kuku wake."

Msumari alicheka, ila kicheko hakikufika mbali. Macho ya yule ndege hayakukaa pembeni. Yote mawili yalikuwa mbele, kama ya mtu.

"Macho yako mbele, bwana."

"Bundi huyo."

"Bundi mchana huu? Na miguu ni mirefu."

"Korongo, basi."

"Korongo gani mfupi hivyo?"

"Si kila kiumbe hutoka kama kilivyoagizwa. Jitazame wewe."

Paa lile lilikuwa bovu. Lilipakwa lami nzito juu ya kutu, hata misumari haikuonekana imepita wapi. Asiyejua mbao ilipo angefika chini bila ngazi. Kwa hiyo walifanya kama walivyozoea: mmoja ndani, juu ya ngazi, anagonga mbao mara tatu kwa nyundo, wa juu anakanyaga pale alipogongewa, basi.

Mwaka uliopita, kwenye paa hili hili, Kitinda, mdogo wake shemeji, alikanyaga pasipo na mbao, akaanguka hadi sakafuni. Aliyekuwa chini akigonga ni Msumari. Tangu hapo Kitinda yuko kitandani, miguu haisikii, na neno lake ni moja: aligongewa. Msumari naye anaapa hakugonga pale. Shemeji hakumwita mwongo, lakini hakumwita mkweli pia. Utani waliendelea nao, maana kazi hainogi bila utani. Ila nyumbani kwa Msumari shemeji hakukanyaga tena.

Ndege akashuka kutoka kileleni. Bati lile, ambalo hulia hata likipitiwa na mjusi, halikulia. Akasimama hatua moja mbele ya Msumari, akamtazama mguu.

Ngo, ngo, ngo. Pale pale chini ya ndege.

Msumari akainua mguu.

"Simwoni vizuri," akasema shemeji. "Sogea, unamziba."

Sauti ilitoka uani. Shemeji alikuwa nje, juani, kiganja juu ya macho, nyundo kiunoni.

Mguu ukabaki hewani. "Nani yuko ndani?"

"Hakuna mtu. Mlango ni mmoja, na mimi ndiye niliyesimama mbele yake."

Ngo, ngo, ngo.

Kiganja cha shemeji kikashuka taratibu. "Kitinda alisema kulikuwa na ndege," akasema. "Tukasema ni dawa za hospitali."

Mbao kuukuu ilianza kubonyea chini ya ule mguu mwingine. Hapakuwa na muda wa kwenda kuita watu.

"Nirudishe, shemeji."

Shemeji aliutazama mlango ulivyokuwa mweusi. "Nikigonga utajuaje ni mimi?"

"Gonga, kisha nitukane."

Akaingia.

Ngo, ngo, ngo. "Miguu kama miti ya kuanikia nguo!"

Msumari akakanyaga. Mbao ilikuwepo.

Ngo, ngo, ngo. "Dada yangu alikuwa na homa siku aliyokukubali!"

Akakanyaga. Kati ya tusi na tusi, pembeni, kulikuwa na kugonga kwingine kusiko na maneno, kwa subira. Shemeji aliendelea kugonga.

Ilibaki hatua moja kufika kwenye ngazi ya nje. Ngo, ngo, ngo, upande wa kushoto. "Miguu kama miti ya kuanikia nguo."

Ilikuwa sauti ya shemeji, hata mafua yake yalikuwemo. Msumari akainua mguu, kisha akasita. Miaka yote hiyo, shemeji hajawahi kurudia tusi. Angeona aibu. Akageuza kichwa, akamwona ndege akifunga mdomo.

Ngo, ngo, ngo, upande wa kulia. "Kichwa kama sufuria iliyosahauliwa motoni!" Sauti ilijaa kilio.

Akakanyaga kulia.

Walikutana uani, shemeji akiwa mikono mitupu. Nyundo alikuwa ameiacha humo humo.

"Ile ya kushoto sikugonga mimi," akasema.

"Najua."

"Na ile ya mwaka jana hukugonga wewe."

Msumari akajifuta uso kwa mkono wenye lami.

"Twende kwa Kitinda tukamwambie," akasema shemeji. "Halafu jioni nakuja kula kwako. Mwambie dada asipike kidogo."

Walikuwa wamefika getini waliposikia kugonga tena. Kisha, juu ya paa, sauti ya Msumari mwenyewe ikaita, kwa upole:

"Nirudishe, shemeji."

Shemeji akamshika Msumari mkono, kama mtoto anavyoshikwa wakati wa kuvuka barabara, wakaenda bila kugeuka.