Mialiko Iliyotoka Yote
Ulfat alikuwa fundi wa kompyuta Darajani, kwa hiyo hakuona sababu ya kuandika mialiko ya harusi yake kwa mkono. Majina ya jamaa na majirani wote yalikuwemo kwenye faili moja. Mama yake, Bi Amne, alikaa ubavuni pake akimwambia nani atiwe nyota aalikwe. Walipofika kwa Jokha, mdogo wake Bi Amne, mama akasema, "Huyo mpite."

Ndugu hao walikuwa hawasemezani tangu walipogombana kwenye msiba wa mama yao, na wote wawili wanakaa Mji Mkongwe. Ulfat aliumia. Tangu utotoni alitaka mama mdogo ndiye aje amsinge, amsugue mwili kwa liwa la kunukia, siku yake ya harusi ikifika. Lakini mama ni mama, akampita.

Akaandika amri ya sed, programu inayopitisha maandishi mstari mmoja mmoja, ichapishe majina yenye nyota tu. Sasa hiyo sed ina domo: kila kinachopita kwake hukichapisha, umekiomba hukukiomba, na ulichokiomba hukirudia mara ya pili, mpaka uinyamazishe kwa -n. Ulfat, fundi mzima, akaisahau hiyo -n. Tena hakuyatazama majina kwanza kwenye skrini, aliyaelekeza moja kwa moja kwenye programu ya kutuma ujumbe. Haraka haraka haina baraka, na nani mwenye haraka kuliko bibi harusi?

Wa kwanza kupiga simu alikuwa jirani yao, Bi Zuleikha. "Mwanangu, umenialika mara mbili! Mnanidhani mlafi wa biriani?"

Ulfat akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Wenye nyota wamepata mara mbili, wasio na nyota wamepata mara moja.

"Na Jokha?" akauliza mama.

"Naye kapata."

"Urejeshe."

"Haurudi, mama. Ushatoka."

Bi Amne akachukua simu yake, amwambie mdogo wake kuwa ni makosa ya mashine. Ulfat alisimama mlangoni. Simu iliita kidogo tu.

"Shikamoo, dada." Sauti ya Jokha ilisikika hadi mlangoni. "Nshaanza kusaga liwa. Mtoto anasingwa lini?"

Makosa ya mashine Bi Amne hakuyataja.

"Marahaba," akasema. "Alkhamisi. Njoo mapema, na usinunue mawaridi, nnayo mimi."