Mafungu Matatu Aliyoyaacha Kasiva

Siku Kasiva alipomtoa ndugu yake wa kuzaliwa na kuwapokea Shitanda na Mahad, kibanda cha chai cha Mama Khavere kilinyamaza mpaka birika likasikika likitokota. Kisha watu wakacheka. Njogu alicheka kuliko wote, kwa sababu ndiye aliyempata huyo ndugu.

"Madam," akasema huku akijifuta macho, "nimeona watu wakiuza shamba la baba yao. Mtu kumuuza mtoto wa mama yake sijaona."

"Sasa umeona," Kasiva akajibu, akamega andazi lake.

Ulikuwa mchezo tu, ingawa mpita njia angedhani ni kesi ya ardhi. Thuo, aliyekuwa amesomea Amerika, alirudi mtaani Buruburu mwaka wa tisini na tano akiwa nao kichwani. Kila mtu aliunda timu yake ya karatasi kwa kuchagua wachezaji wa kweli wa ligi ya mtaani ya mpira wa vikapu. Wachezaji wenyewe waliendelea kucheza katika timu zao za kawaida, lakini kila walichokifanya uwanjani kilihesabiwa kwa faida ya aliyewachagua. Kila wiki watu wawili walikutanishwa, wakalinganishwa kwa mafungu saba: pointi, mitupo ya mbali, mitupo huru, kuzuia, kuiba mpira, pasi za kufungisha, na ribaundi, yaani kuudaka mpira uliokosa kikapu. Aliyechukua mafungu manne alikuwa ameshinda, hata kama katika yale matatu alipigwa kama ngoma.

Kanuni hiyo waliisikia wote. Kasiva peke yake ndiye aliyekaa nayo. Alikuwa karani katika ofisi moja ya Industrial Area, na zamani alikuwa mchezaji mwenyewe mpaka goti likamkatalia. Aliwatazama wanaume wale wakigombania wafungaji, kila mmoja akitaka mafungu yote saba, akajiambia kwamba fisi alishindwa na njia mbili tu, sembuse hawa. Akaamua kuacha matatu. Pointi, mitupo ya mbali na mitupo huru angewaachia wageni, kama mtu anavyompisha mgeni kiti kizuri. Yale manne yaliyobaki angeyafungia mlango.

Wafungaji wanapendwa, kwa hiyo kuwapata ni vigumu. Wadakaji na wazuiaji, watu kama Shitanda na Mahad, hakuna aliyewataka. Kasiva akawaokota mmoja mmoja, hadi akabaki na mfungaji mmoja, Mumo, ambaye alikuwa amemchagua kwa sababu ya damu. Mumo alikuwa nyota wa timu ya Buruburu. Lakini pointi zake kwa timu ya dada yake zilikuwa sawa na mwavuli kwa mtu aliyekwisha kulowa.

Alipofika nyumbani jioni ile, habari ilikuwa imemtangulia. Mumo aliishi naye tangu alipomaliza shule. Alimkuta kochini, viatu vya mchezo mapajani.

"Niaje, sista. Nasikia umeniuza."

"Sijakuuza. Nimekubadilisha."

"Na Shitanda wa mtaa wa Fedha. Yule msee hata akipewa ngazi hafungi."

"Hafungi. Anadaka."

"Na mimi sijui kudaka?"

"Wewe unafunga. Mimi pointi sizihitaji."

"Hunihitaji, basi."

"Nimesema pointi, Mumo."

Lakini Mumo alikuwa ameshainuka, na ugali wake ulilala ukiwa umefunikwa. Siku ya tatu mama yao, Syombua, alipiga simu ofisini kutoka Mwala. Alitaka kujua ni kweli Kasiva amempeana Mumo, amempeana kwa nani, na kijana amekosa nini. Kasiva alimweleza kwamba ni mchezo wa karatasi. Mama akauliza kama karatasi hiyo imepigwa muhuri.

Wiki zikapita, na timu ya Kasiva ikawa kichekesho kinachoshinda. Kila Jumamosi Hared alisoma matokeo. Hared aliuza vitambaa kwa jumla kule Eastleigh, First Avenue, na walimpa kazi ya kuhesabu kwa sababu hakuwa na timu na hakuwa na haya ya kumkatalia mtu. Alisoma pointi, Kasiva akapigwa. Mitupo ya mbali, akapigwa. Mitupo huru, akapigwa, na watu wakapiga meza. Kisha Hared akaendelea na yale manne kwa sauti ileile, na meza hazikupigwa tena.

Jambo hili lilimkera Njogu kuliko wengine. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi, na ujanani alikuwa mfungaji mwenyewe, kama alivyowakumbusha watu hata pale ambapo hakuna aliyeuliza.

"Mpira wa vikapu ni kutia mpira kwenye kikapu," akasema siku moja. "Jina lenyewe linasema. Timu isiyofunga ni matusi kwa mchezo. Huyu mama amejichagulia fungu la kukosa, tena matatu."

"Nimeyaacha, mwenyekiti," Kasiva akasema. "Ningenyang'anywa ningelia."

"Kuacha na kushindwa kuna tofauti gani?"

"Waliokwisha kukutana nami watakuambia."

Mama Khavere akacheka ndani ya sufuria yake. Njogu hakucheka. Alisimama, akatoa hoja rasmi. Jumamosi ilikuwa zamu yake kukutana na Kasiva. Akishinda yeye, Kasiva amwachie nafasi yake mtu atakayecheza kama watu, maana vijana wa kuingia kikundini walikuwa wengi. Wanaume wakatazamana. Baadhi yao walikuwa wamepigwa na timu hiyo isiyofunga, na kidonda bado kilikuwa kibichi. Hoja ikapita.

Kasiva alikuwa mwanamke pekee mezani pale. Nafasi ile hakupewa kwa heshima. Alikuja na stuli yake mwenyewe, akakaa, na hakuna aliyepata ujasiri wa kumwinua.

"Sawa," akasema. "Jumamosi."

Jumamosi alasiri ilibaki mechi moja tu ya wiki, Buruburu na Fedha, kwenye uwanja wa saruji nyuma ya ukumbi wa jamii. Hared alikuwa amekwisha kueleza hali. Mafungu matatu ya kufunga yalikuwa ya Njogu, hata bila mechi hiyo. Kuzuia, kuiba na pasi yalikuwa ya Kasiva. Ribaundi zilikuwa sare. Upande wa Kasiva alibaki Shitanda. Upande wa Njogu alibaki Mumo, ambaye kwa kawaida alidaka mpira pale tu ulipomwangukia kichwani. Kasiva alikaa akiwa ametulia.

Kisha akamwona Njogu akiwa amemshika Mumo bega kando ya uwanja, akimnong'oneza.

Filimbi ikalia. Katika shambulizi la kwanza Mumo alipata mpira akiwa peke yake, mahali ambapo angefunga hata amefumba macho. Akautoa kwa mwenzake, akakimbia chini ya kikapu. Mwenzake akakosa, Mumo akaruka, akadaka. Mara ya pili vilevile. Alijibanza kati ya majitu ya Fedha, akapigwa viwiko, akaangushwa, akainuka na mpira. Kila alipodaka alimtupia jicho dada yake.

"Ameanza lini kudaka?" akauliza Thuo, aliyekaa karibu na Kasiva.

"Leo," Kasiva akasema.

Alielewa yote mara moja. Kijana alikuwa ameambiwa kwamba dadake anasema hajui kudaka, na kwamba leo anaweza kumwinua kitini. Mwenyekiti, yule yule aliyeapa kwamba mchezo ni kufunga, alikuwa amemwomba mfungaji bora wa mtaa aache kufunga.

Kufikia mapumziko, Mumo alimzidi Shitanda kwa ribaundi tatu, na timu ya Buruburu ilikuwa ikilimwa. Mashabiki walimzomea. Kocha wake alikuwa ameshika kiuno.

Kipindi cha pili kilipoanza, Kasiva aliinuka. Goti lililia, akaliacha lilie. Akaita kwa sauti ambayo Mumo aliijua tangu utotoni, ile ya kumwita kutoka mtoni.

"Mumo. Funga."

Watu wakageuka. Hata wasiojua mchezo wa karatasi walijua kwamba huyu ndiye aliyemtoa ndugu yake.

"Kaa pale pale chini, kijana," Njogu akapaza sauti kutoka upande wa pili. "Usimsikilize."

"Funga, Mumo. Zote unazoweza."

Mumo alisimama katikati ya uwanja, akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Mwanamume aliyemchukua kwa ajili ya pointi zake alikuwa akimkataza kufunga. Dada aliyesema hazihitaji alikuwa amesimama kwa mguu mmoja akiziomba, na hazingemsaidia kitu. Mpira ukamfikia akiwa bado anafikiri. Wapinzani, waliokuwa wamezoea kumwona akipasia, walimwacha wazi.

Akarusha. Ukaingia bila kugusa chuma.

Kuanzia hapo hakurudi tena chini ya kikapu. Alifunga kutoka kona, akafunga akikimbia, akafunga akianguka, na kila mpira ulipoingia, sauti ya Kasiva ndiyo iliyotangulia zote. Angeweza kushangilia apendavyo. Mpira ukiingia, ulikuwa pointi za Njogu ambazo hazikuwa na kazi tena. Ukikosa, Shitanda alikuwa hapo chini na mikono yake mirefu. Njogu alikuwa akipata pointi kuliko alivyowahi kuzipata maishani, na uso wake ulikuwa wa mtu aliye kwenye mazishi.

Buruburu walifungwa kwa kikapu kimoja. Muda walioupoteza mwanzoni haukurudi. Hared alihesabu alama zake mara mbili, akainua kichwa.

"Ribaundi, Shitanda amezidi kwa mbili. Fungu ni la Kasiva. Manne kwa matatu."

"Haikubaliki," Njogu akasema. "Amemshawishi mchezaji."

"Nilimwambia afunge," Kasiva akasema. "Ni kanuni gani inakataza kumwomba mchezaji wa vikapu afunge, mwenyekiti? Na afungie timu yako?"

Thuo alikohoa ndani ya kiganja. Mtu mmoja akacheka, kisha wa pili, na safari hii hakuna aliyemtazama Kasiva.

"Nitaleta hoja," Njogu akasema. "Msimu ujao pointi zihesabiwe mafungu mawili."

"Lete. Ila kwanza tuambie ulimnong'oneza nini Mumo."

Njogu alimgeukia Hared kana kwamba Hared angemwokoa. Hared alikuwa anafunga kalamu yake.

Mumo akaja akiwa na taulo shingoni na mchubuko wa kiwiko shavuni. Alisimama mbele ya dada yake.

"Tumelosti, sista."

"Nimeona. Kipindi cha kwanza ulicheza upuzi."

"Nilikuwa na hasira."

"Hasira zako uzilete nyumbani, nikujibu. Timu yako imekukosea nini?"

Akakubali kwa kichwa. Kisha akasema, "Msimu ujao utanichukua?"

Wale waliokuwa karibu wakasubiri. Hata Njogu alisubiri.

"Sikuchukui," Kasiva akasema. "Nikikuchukua, kila ukirusha nitakuwa nahesabu badala ya kushangilia. Nenda ukawafungie wengine."

Akaegemeza mkono begani mwa ndugu yake, kwa sababu goti sasa lilikuwa limegoma kabisa, na wakaanza kutoka uwanjani polepole, Mumo akimlalamikia njia nzima kuhusu viwiko vya Shitanda.