Mbu wa Nyumba ya Hamdan

Alasiri Hamdan alirudi kutoka bondeni Mgogoni na bomba la dawa mgongoni, shati limelowa hadi kiunoni. Alikuwa amepulizia nyanya. Akaketi barazani, akampakata bintiye mchanga, Nahla. Mbu akamuuma Hamdan shingoni, akaanguka chini, amekufa. Aliyemfuata akafa vivyo hivyo.

Masika yalipoingia, majirani walikuwa wameshazoea. Walimwita Hamdan akae vyumbani mwao kidogo, wakampa chai, kisha wakafagia mbu na kulala bila chandarua. Bi Rahila, jirani wa ukuta mmoja, alisema ni baraka. Mwanapili, mke wa Hamdan, hakuiona baraka. Yeye ndiye aliyekuwa akilifua lile shati, na siku hizi sisimizi hawakuikaribia sukari aliyoishika.

Mwanapili alipompeleka Nahla kliniki, muuguzi Petronila alisikiliza habari ya mbu, kisha akauliza Hamdan huvaa nini akipulizia. Akaeleza kwamba dawa hizo hupenya kwenye ngozi na pumzi, na baadhi yake, mtu akikaa nazo miaka, zaweza kumletea saratani. Avae glavu, barakoa na buti. Asipulizie upepo ukimjia. Aoge na kubadili nguo kabla ya kumshika mtoto. Na asome maandishi ya chupa.

Chupa haikuwa na maandishi. Jabir wa dukani alikuwa akiipima dawa kutoka kwenye dumu na kuitia katika chupa za maji ya kunywa. Mwanapili alipomwendea, alijibiwa kwamba wateja hawajalalamika, dawa inaua.

Hamdan alinunua glavu, lakini uvimbe ulikuwa umeshatokeza shingoni. Hospitali wakasema ni saratani ya tezi, wakampa rufaa ya Unguja. Bandarini Mkoani alimshika mkewe mkono.

"Hija asiliguse lile bomba," alisema. Hija ni mdogo wake.

Mwanapili aliporudi nyumbani, bomba halikuwepo. Hija alikuwa bondeni, kifua wazi, anapulizia nyanya za kakaake.

Akamlaza Nahla, akakaa kumtazama. Mbu akatua shavuni mwa mtoto. Mwanapili alinyanyua mkono kumfukuza, kisha akaushusha, angoje aone. Mbu akanywa, akaanguka juu ya shuka.

Bi Rahila akabisha hodi. Akatoa pole ya mgonjwa, akauliza habari za safari, kisha akamwangalia yule mbu.

"Mwanapili, mjukuu wangu ana homa, na mbu kwangu wamezidi. Niazime Nahla mara moja."

"Amelala, Bi Rahila."

Bi Rahila akasema, "Si neno, mie nitangoja." Akaketi ukingoni mwa kitanda.